Ufupisho ubaki vidoleni

Soma maelezo ambayo vijana wetu wanaoandika programu huyaweka kando ya msimbo. Utakuta "ktk", utakuta "kwny", utakuta "7bu". Lugha ya meseji imehamia kazini. Tunaelewa ilikotoka: saa nane za usiku, "kwa sababu hiyo" ni safari ndefu kwa vidole vilivyochoka. Lakini faili litasomwa na mwingine, na huyo mwingine mara nyingi ni wewe mwenyewe mwakani, umeshasahau kila kitu.

Hatumwambii mtu aache kufupisha. Afupishe anapoandika, faili lipokee neno zima. Kompyuta inaiweza kazi hiyo tangu zamani, na wengi wanaoitumia kutwa hawajawahi kuiagiza.

Chukua Vim, programu ya kuhariri maandishi aliyoitoa Mholanzi Bram Moolenaar mwaka 1991. Ndiyo ile ambayo ukiifungua bila faili inakuomba uwasaidie watoto wa Uganda; michango yake huenda Kibaale. Katika faili lake la mipangilio, .vimrc, ongeza mstari huu:

iabbrev ktk katika

Basi. Ukichapa ktk ukabonyeza nafasi, au nukta, au mkato, linatokea "katika". Siku ukitaka herufi zile tatu zibaki kama zilivyo, bonyeza Ctrl-V kabla ya nafasi. Makosa ya vidole nayo yana dawa hiyohiyo: mwenye mazoea ya kuchapa "kawmba" aifanye iwe kifupisho cha "kwamba", asahau.

Kazi iko kwenye kuchagua. "Ktk" inafaa kwa kuwa si neno popote. "7bu" pia haina ubaya. Ila ukihamisha na ile "2" ya meseji iwe "tu", umekwisha: utaandika x = 2; na skrini itakuonyesha x = tu; halafu utafute kosa mpaka jogoo awike. Ukiweka "ng" isimame badala ya "nguvu", kila ng'ombe atageuka "nguvu'ombe", kwa maana Vim huiona ile alama ya ritifaa kuwa mwisho wa neno. Kiswahili kina maneno mafupi mengi mno, na, wa, ya, la, cha. Hayo yasiguswe kabisa.

Wapo watakaosema siku hizi programu za kuhariri zinakamilisha maneno zenyewe. Zinakisia. Unasimama, unasoma orodha ya mapendekezo, unachagua, na wazo limeshakatika. Kifupisho ulichokiweka mwenyewe hakikisii. Mkono unakijua kama unavyojua swichi ya taa ya chumbani kwako gizani.

Kwa sababu hiyo hatupendi mtindo wa kunakili .vimrc ya mtu mwingine yenye vifupisho mia mbili. Hivyo ni vya vidole vyake. Anza na vitano, vya maneno uliyoyachapa leo hadi yakakukera. Baada ya mwezi andika :ab uione orodha yako. Usichokikumbuka kilikuwa cha nini, kiondoe kwa :una, na mstari wake uufute katika .vimrc.