MASHAURI YA MFUGAJI: Simbilisi na Baridi ya Nchi za Juu

Mwezi wa Juni umeingia, na sisi tukaao Limuru, Molo na Kinangop twajua maana yake: ukungu asubuhi, manyunyu mchana, na usiku wa kujifunika blanketi mbili. Juma lililopita nilipata barua ya msomaji mmoja wa Kinangop, karani, ambaye mwanawe hufuga simbilisi nyuma ya nyumba. Asema kwamba kwa muda wa siku nne wamekufa simbilisi watano, mmoja wao mwenye mimba, na kwamba mtoto hataki tena hata kupita karibu na banda. Bwana huyo auliza kama mnyama huyu hafai nchi ya baridi, ili awauze waliosalia.

Asiwauze. Simbilisi asili yake ni milima ya Andes, huko Peru, Bolivia na Ekwado, ambako watu wamemfuga kwa ajili ya nyama kwa maelfu ya miaka, na baridi ya huko si ya mchezo. Lakini wenyeji wa milima hiyo hawakumwacha alale nje. Walimweka jikoni, akikimbia sakafuni karibu na meko. Neno hilo wengi wetu hatukuambiwa tulipopewa simbilisi wetu wa kwanza. Joto limfaalo ni kati ya digrii 18 na 24 za sentigredi, na usiku wa Julai huko Kinangop hupungua chini ya digrii 10.

Hata hivyo, nikiisoma barua ile naona kwamba si baridi peke yake iliyowaua. Banda lenyewe ni waya pande zote nne, mabati juu, na udongo chini. Upepo hupita humo kama upitavyo barabarani, na udongo hunyonya maji ya mvua. Simbilisi mkavu, aliyelala ndani ya nyasi pamoja na wenziwe, hustahimili baridi nyingi. Aliyelowa na kupigwa na upepo hushikwa na ugonjwa wa mapafu, na mara nyingi hufa kabla mwenyewe hajatambua.

Basi, banda liinuliwe juu ya miguu, futi mbili kutoka chini. Sakafu iwe ya mbao, si ya waya, kwa maana waya huwaumiza miguu. Pande tatu zizibwe kwa mbao, na upande wa mbele tu ubaki na waya, uelekee kule ambako upepo hautoki. Ukitaka kujua upepo watoka wapi, angusha konzi ya majani makavu jioni, uangalie yaendako. Usiku teremsha gunia kavu mbele ya waya. Ndani tia sanduku kuukuu lenye tundu moja la kuingilia, ulijaze nyasi kavu kina cha inchi sita. Simbilisi wanne au watano wakilala humo hupashana joto wenyewe.

Nyasi hizo zisizeeke. Zikilowa mkojo huwapoza badala ya kuwapa joto, na hewa yake huchoma mapafu. Njia ya kupima ni rahisi: ingiza kichwa chako sandukuni asubuhi. Macho yakiwasha, zitoe zote siku hiyo hiyo. Kazi hii apewe mtoto mwenyewe.

Sasa niseme kosa langu mimi. Mwaka mmoja, kwa kuogopa baridi, niliziba banda zima kwa karatasi ya nailoni, nisiache hata ufa, kisha nikaweka ndani jiko la makaa. Nilijiona mwerevu. Asubuhi nilikuta simbilisi sita wamelala kana kwamba wanaota jua, miili yao mikavu, na wote wamekufa. Hewa ya makaa huua bila harufu, wanyama na watu pia. Tangu hapo huacha nafasi ya upana wa kiganja chini ya paa, na jiko haliingii bandani kabisa. Usiku ukiwa mkali hujaza chupa maji ya moto, nikaizungusha gunia, nikaiweka upande mmoja wa sanduku, ili atakaye joto aisogelee na asiyelitaka ajitenge.

Chakula nacho huleta joto. Wape nyasi kavu kwa wingi, hasa jioni, pamoja na majani mabichi kila siku, kwani mwili wa simbilisi, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C, na akiikosa hudhoofika, viungo vikavimba. Sukuma wiki na pilipili hoho zafaa sana, ila zikaushwe umande kwanza. Majani ya viazi, ya nyanya na ya avokado ni sumu kwake.

Kuhusu yule mwenye mimba, nasikitika zaidi, maana hubeba kwa siku zipatazo 68, na hiyo ni kazi kubwa kupotea usiku mmoja. Watoto wa simbilisi huzaliwa na manyoya, macho wazi, wakakimbia siku hiyo hiyo, nasi hudanganyika tukadhani hawahitaji kutunzwa. Kumbe mtoto mmoja uzito wake haupiti sana yai moja na nusu. Majike wenye mimba waingizwe nyumbani, pembe ya jikoni isiyofikiwa na moshi.

Ukimwona mmoja amejikunyata, manyoya yamesimama, pua yatoka maji na hali, mtenge, umpeleke kwa Bwana Mifugo siku hiyo. Usimpe penisilini uliyobakiza nyumbani. Dawa hiyo, imponyayo mtu, humwua simbilisi. Wala usimlaze pamoja na sungura, kwani sungura aweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa mapafu bila yeye mwenyewe kuugua.

Swali la pili la msomaji wetu, juu ya dume gani aachwe na majike kati ya watatu waliobaki, nitalijibu juma lijalo. Kwa sasa awatenganishe, kwa maana wataumana.