Picha Hujibu Inachoulizwa

Tarehe 9 Juni 1887, katika hospitali ya magonjwa ya mishipa ya fahamu iliyoko Queen Square, London, Victor Horsley alimpasua mgongo mwanamume mmoja ambaye miguu yake ilikuwa imepooza. Eksirei ilikuwa bado. Wilhelm Röntgen angeigundua miaka minane baadaye. Mwongozo pekee aliokuwa nao Horsley ulitoka kwa mwenzake, William Gowers, aliyempima mgonjwa kwa mikono yake na kuamua kwamba uvimbe ulikuwa unaukandamiza ugwe mgongo sehemu ya kifua. Horsley akafungua palipotarajiwa, asione kitu. Akaondoa mfupa zaidi, akipanda kuelekea shingoni, ndipo uvimbe ukaonekana. Aliutoa, na mgonjwa akaja kutembea tena.

Kisa hicho hutajwa katika historia ya tiba kama mara ya kwanza uvimbe wa ndani ya mfereji wa uti wa mgongo kuondolewa kwa mafanikio. Toleo hili linakirudia kwa sababu nyingine. Uvimbe ulikuwa juu kuliko dalili zilivyoashiria, na jambo hilohilo linaendelea kuwaponyoka hata madaktari wenye mashine ya MRI chumba cha pili.

Uhaba wa mashine ni tatizo la kweli, na mgonjwa anayesafirishwa kutoka wilayani hadi Dar es Salaam au Nairobi kwa ajili ya kipimo kimoja analijua kuliko mhariri yeyote. Ila kuna ucheleweshaji mwingine usioondolewa kwa kununua mashine: kupiga picha mahali pasipo na ugonjwa.

Mfano wake ni wa kawaida. Mama wa miaka hamsini na kitu anakuja kliniki akilalamikia mgongo na miguu mizito. Kandambili zinamvuka njiani na hajui mpaka ageuke nyuma azione. Fomu ya kipimo inaandikwa maneno mawili, "maumivu ya mgongo", na picha inapigwa kiunoni. Majibu yanasema pingili zimechakaa kidogo, kama zilivyochakaa za wengi wa umri wake. Anapewa dawa za maumivu na mkanda wa kufunga kiuno. Uvimbe wenyewe uko katikati ya mabega, na haukuwamo kwenye picha hata kidogo.

Sababu iko kwenye maumbile. Kwa mtu mzima, ugwe mgongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo ni mizizi ya neva tu. Kwa hiyo picha ya kiuno huonyesha ncha ya ugwe na kuacha karibu sehemu yake yote. Tena, nyuzi zinazobeba hisia za miguu hupita pembeni mwa ugwe, na kitu kinachokandamiza kutoka nje huanza na hizo. Uvimbe wa shingoni unaweza kuleta ganzi inayofika kitovuni tu, na daktari akadhani ugonjwa uko usawa wa kitovu.

Kipimo cha kulitambua hilo hakihitaji umeme. Mgonjwa analala chali, amefumba macho. Daktari anavunja kijiti, anagusa kwa ncha yake kuanzia kidole gumba cha mguu, anapanda pajani, tumboni, kifuani, huku akiuliza kila hatua kama inachoma. Pale ambapo mgonjwa anashtuka na kusema "hapo sasa", panawekwa alama: usawa wa chuchu ni neva ya nne ya kifua, usawa wa kitovu ni ya kumi. Alama hiyo ndiyo mpaka wa chini. Utafutaji unaanzia hapo kwenda juu, kama Horsley alivyolazimika kufanya.

Baada yake, picha zilikuja kwa zamu. Walter Dandy wa Baltimore aliandika mwaka 1919 juu ya kuingiza hewa kwenye mfereji wa mgongo ili eksirei ionyeshe palipoziba. Muda mfupi baadaye, huko Ufaransa, Jean-Athanase Sicard na Jacques Forestier walitumia Lipiodol, mafuta ya mbegu za mpopi yaliyotiwa iodini. Mgonjwa aliinamishwa mezani na mafuta yakatiririka hadi yalipokwama kwenye uvimbe. Godfrey Hounsfield alileta CT scan, iliyotumika kwa mgonjwa wa kwanza mwaka 1971. Njia zote hizo zilionyesha mfupa au kizuizi. MRI, iliyowapatia Paul Lauterbur na Peter Mansfield tuzo ya Nobel mwaka 2003, ndiyo iliyouonyesha ugwe wenyewe.

Na picha hiyo ina mengi ya kusema. Swali la kwanza la msomaji wake ni uvimbe uko tabaka gani. Ukiwa ndani ya ugwe, unauvimbisha kutoka katikati: kwa watu wazima mara nyingi ni ependimoma, kwa watoto astrositoma. Ukiwa nje ya ugwe lakini ndani ya utando unaoufunika, unausukuma ugwe upande mmoja: meninjioma, inayowapata zaidi wanawake na kupendelea sehemu ya kifua, au uvimbe wa ala ya neva, ambao huweza kuchomoza kwenye tundu la kati ya pingili ukawa na umbo la kibuyu chenye kiuno chembamba. Ukiwa nje ya utando, mara nyingi ni saratani iliyosambaa kutoka kwingine, kama vile matiti au tezi dume. Dawa ya gadoliniamu ikichomwa mshipani, mipaka ya uvimbe mwingi hung'aa na kuonekana vizuri zaidi.

Afrika Mashariki ina swali la ziada: ni uvimbe, au ni kifua kikuu cha mgongo? TB kwa kawaida hula pingili mbili jirani pamoja na diski iliyo kati yao. Saratani iliyosambaa kwa kawaida huiacha diski. Kwa mtoto mwenye miguu iliyolegea ghafla, limfoma ya Burkitt, ambayo Denis Burkitt aliieleza akiwa Uganda mwaka 1958, haina budi kufikiriwa. Kichocho nacho huweza kuvimbisha ncha ya ugwe na kufanana na uvimbe. Picha hupunguza orodha, lakini nyama iliyopimwa maabara ndiyo huamua, inapowezekana kuichukua.

Eksirei ya kawaida ina nafasi yake, ila isiaminiwe kupita kiasi. Mfupa hupoteza kati ya asilimia 30 na 50 ya madini yake kabla tundu halijaonekana kwenye filamu. Eksirei safi kwa mtu ambaye miguu inazidi kulegea haijathibitisha kitu.

Muda nao una hesabu yake. Mwongozo wa Uingereza unataka anayeshukiwa kuwa na saratani inayokandamiza ugwe, mwenye dalili za neva, apigwe MRI ya uti wote ndani ya saa 24. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005, asilimia 84 ya waliopasuliwa kisha wakapewa mionzi waliweza kutembea, na asilimia 57 ya waliopewa mionzi pekee. Hata hivyo, kinachotabiri zaidi kama mgonjwa atatembea ni kama alikuwa bado anatembea siku matibabu yalipoanza.

Kwa hiyo ombi la jarida hili kwa vituo vya afya ni dogo na halina gharama. Fomu ya kipimo iseme miguu imekuwa dhaifu tangu lini, ganzi inakomea wapi, mkojo na choo vikoje, na kama mgonjwa amewahi kuugua saratani au TB. Dalili zikiashiria ugwe, iombwe picha ya uti wote, kuanzia shingo. Na mtaalamu wa radiolojia akipokea fomu yenye maneno mawili, ampigie simu aliyeiandika kabla mgonjwa hajaingia kwenye mashine.