Walenga shabaha waache kung'arishia maganda jikoni

Mtangazaji wa soka akisema straika kaachia risasi, kila shabiki anaelewa: kipa kaduwaa, nyavu zimetikisika. Lakini Kiswahili kina risasi nyingine, ile ya madini, laini na nzito, inayotiwa kwenye betri za magari. Kwenye mchezo wa kulenga shabaha zote mbili zipo, na hii ya pili inawaingia wachezaji na familia zao bila mlio wowote.

Twende Marekani, viwanja vya Camp Perry, jimbo la Ohio, kando ya Ziwa Erie. Mashindano ya taifa ya bunduki yalianza 1903 na yakahamia hapo 1907. Mchezaji akimaliza zamu yake hainuki na kuondoka zake. Anainama kuokota maganda ya risasi alizopiga, moja baada ya jingine, kama mtu aliyemwaga dagaa sokoni. Hataki hata moja limpotee.

Ana sababu. Ganda limetengenezwa kwa shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, na ni ghali. Halafu linatumika tena na tena: unalitia fataki mpya kwenye kitako, baruti mpya, kichwa kipya, kazi inaendelea. Faida nyingine ni usahihi. Anayejipakilia mwenyewe anapima baruti kwa kiasi kinachoipendeza bunduki yake, na matundu kwenye shabaha yanakaa karibu karibu.

Soka nayo iliwahi kuwa na mambo ya kila mtu na kifaa chake. Fainali ya Kombe la Dunia 1930 pale Montevideo, Argentina na Uruguay waligombea mpira wa kuchezea. Ikaamuliwa kipindi cha kwanza upigwe wa Argentina, cha pili wa Uruguay. Hadi mapumziko Argentina walikuwa mbele 2-1, mechi ikaisha Uruguay 4-2. Sasa mlenga shabaha anayejipakilia risasi ni kama timu inayocheza dakika zote 90 na mpira wake yenyewe. Ndiyo maana jamaa wanayatunza maganda hayo kuliko hata bunduki.

Shida inaanza wakirudi nyumbani.

Ganda lililopigwa huwa na masizi shingoni na ndani, na mara nyingi limeshika mchanga. Kabla ya kutumika tena linabanwa kwenye kalibu ya chuma ili lirudi kwenye umbo lake, na likiingia na mchanga linaikwaruza kalibu. Kwa hiyo kusafisha ni lazima, hapo hakuna ubishi. Pia ganda safi linaonyesha ufa mapema, na ganda lenye ufa si la kuchezea.

Ubishi upo kwenye namna ya kusafisha. Njia iliyozoeleka ni mashine ya kutikisa: bakuli la plastiki lililojazwa magunzi ya mahindi yaliyosagwa, au maganda ya jozi. Shaba inazamishwa humo, mashine inatetemeka saa kadhaa, maganda yanatoka yanang'aa kama kombe la ubingwa. Kisha mwenyewe anamimina kila kitu kwenye chujio na kuchekecha. Vumbi linapanda. Wapo wanaofanya hivyo gereji, wapo wanaofanyia jikoni karibu na sufuria, mtoto wa mwaka mmoja akitambaa sakafuni.

Vumbi hilo si la magunzi tu. Fataki nyingi mpaka leo zina kemikali yenye madini ya risasi. Ikigongwa inalipuka na kuwasha baruti, na mabaki yake yanabaki ndani ya ganda na kwenye tundu la fataki. Mashine inayatoa humo na kuyahamishia kwenye magunzi. Magunzi hayohayo yanatumika wiki ijayo, na inayofuata, kila mara sumu ikiongezeka. Mtu anaona yamekuwa meusi, anasema bado yanafaa.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto akiila, mwili wake hufyonza mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima, na kinachoumia zaidi ni ubongo unaokua. Watu wa Mombasa hawahitaji kuhubiriwa. Kijiji cha Owino Uhuru kiliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya. Kule kilikuwa kiwanda na huku ni bakuli moja, kiasi hakilingani hata kidogo. Ila madini ni yaleyale, na mtoto anayelamba vidole ni yuleyule.

Na hatari yote hiyo ni ya nini? Mng'aro! Ganda likishaondoka mchanga na masizi ya nje, kung'aa hakuongezi hata pointi moja. Kwenye benchrest, ule mchezo wa kupiga bunduki ikiwa imeegemezwa mezani na ushindi unapimwa kwa vipande vya milimita, washindani wengi hufuta tu shingo ya ganda kwa stili waya. Ndani ya shingo wanaacha masizi kidogo kwa makusudi, kwa sababu yanasaidia kichwa kuteleza kwa mkazo ulio sawa kila mara. Hakuna beki aliyewahi kupigwa chenga na kiwi ya kiatu.

Mng'aro wenyewe unaweza hata kuharibu. Dawa za kung'arishia zenye amonia huidhoofisha shaba ya njano. Jeshi la Uingereza huko India lilijifunza kwa hasara: maganda yaliyohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi msimu wa mvua yalikuwa yakipasuka yenyewe, na uchunguzi uliochapishwa 1921 ukaonyesha kisa ni amonia, ile ya mkojo wa farasi.

Njia bora ipo na si ngeni. Ni ngoma inayozunguka, ndani yake maji, sabuni ya vyombo, asidi kidogo ya ndimu na vipini vidogo vya chuma kisichoshika kutu. Uchafu unabaki kwenye maji, haurukii mapafuni. Ina kero zake. Maganda lazima yakaushwe vizuri, vipini hukwama humo ndani, na ukizungusha muda mrefu midomo ya maganda inapondeka. Maji yenyewe si ya kumwaga bustanini kwenye mchicha, wala kwenye sinki la jikoni. Pamoja na yote hayo, ukilinganisha na lile wingu la vumbi, ngoma inashinda kwa mabao mengi.

Wakongwe wa mchezo hujibu kwamba wametikisa magunzi miaka 40 na bado wanadunda. Soka iliwasikia wa aina hiyo. Jeff Astle, straika wa West Brom aliyesifika kwa vichwa, alifariki 2002, na uchunguzi wa kifo chake ukaamua kilisababishwa na kazi yake ya kupiga mpira kwa kichwa. Marekani ilitangaza kuwazuia watoto wa miaka 10 na chini kupiga vichwa mwaka 2015. England ilisubiri hadi 2020 kuwaondolea wa shule za msingi vichwa mazoezini. Miaka 18 nzima! Na aliyeumia hakuumia kwa kichwa kimoja cha fainali, aliumia kwa maelfu ya vichwa vya mazoezini ambavyo hakuna aliyevihesabu.

Kulenga shabaha hakuna sababu ya kungoja jeneza lake lenye jina kubwa. Klabu zinunue ngoma moja ya pamoja, ikae kiwanjani, wanachama wasafishie huko na wasibebe uchafu kwenda nao nyumbani. Getini pawekwe sabuni na maji ya baridi, mtu anawe kabla hajashika mkate wake. Vijana wanaofundishwa kushika pumzi na kufyatua taratibu wafundishwe na hilo siku hiyohiyo ya kwanza.

Fataki zisizo na risasi zimeshaanza kuuzwa, lakini washindani wengi bado wanazikwepa wakihofia kwamba haziwashi baruti kwa usawa uleule. Wenye viwanda wana deni hapo. Wakati wanalilipa, bakuli la magunzi litoke jikoni leo, na shati la mazoezi lisifuliwe ndoo moja na nepi za mtoto.