Kodi ya Miezi Sita ni Mkopo wa Kulazimishwa

Mwalimu wa ajira mpya anaposhuka Madibira, wilayani Mbarali, na begi lake na godoro lililofungwa kamba, mshahara wa kwanza bado hajauona. Ana barua ya kupangiwa kituo, ana fedha za kujikimu za siku chache kama zimekwisha kuingia, na ana namba ya simu ya dalali. Kabla jua halijazama atakuwa ameambiwa kile walichoambiwa muuguzi wa zahanati, bwana shamba na fundi wa mashine ya kukoboa waliomtangulia: chumba kipo, kodi ni miezi sita kwa mkupuo. Wapo wanaotaka ya mwaka mzima. Na dalali ana mwezi wake mmoja, hata kama kazi yake yote ilikuwa kunyoosha kidole kuuonyesha mlango.

Huu ni unyonyaji, na siupaki asali kwa sababu tu wanaoufanya ni majirani zetu.

Chukua chumba cha shilingi 30,000 kwa mwezi, choo cha nje, mita moja ya LUKU kwa nyumba nzima. Mpangaji anatakiwa kutoa 180,000 za mwenye nyumba na 30,000 za dalali, jumla 210,000, kabla hajanunua hata ndoo ya maji. Hana. Basi anakwenda kwa wale wa mikopo ya kausha damu, anaacha kadi yake ya benki na namba ya siri, na kuanzia siku hiyo mshahara unaingia kwa jina lake na kutoka kwa mkono wa mwingine. Mkopeshaji anavuna riba. Mwenye nyumba anapokea leo fedha ya mwezi wa sita, bila riba, bila dhamana, mara nyingi bila hata risiti. Mzigo wote huo umebebwa na mtu mmoja, naye ndiye mwenye kidogo kuliko wote.

Tusidanganyane kwamba Madibira ni kijiji cha pembezoni ambako fedha haizunguki. Skimu ya umwagiliaji ya hekta zipatazo 3,000, iliyojengwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika na inayotegemea maji ya Mto Ndembera, ndiyo iliyoukuza mji huu. Mpunga umeleta maghala, mashine, maduka ya pembejeo, wanunuzi wa mchele, waendesha bodaboda, mama lishe, na vibarua wa kupandikiza na kuvuna. Wote hao wanahitaji pa kulala. Nyumba za matofali ya kuchoma na bati jipya tunazoziona zinachomoza zimejengwa kwa mpunga, na wenye nyumba wengi ni wakulima.

Hapo ndipo siri ya miezi sita ilipo. Mkulima wa mpunga hukaukiwa fedha wakati uleule ambao shamba linadai zaidi: kulimia trekta, kusawazisha majaruba, kulipa wapandikizaji, mbolea, palizi. Mavuno yako miezi mbele. Benki inataka hati, riba na maelezo marefu. Mpangaji hatakiwi kuelezwa chochote. Anatakiwa tu kutoa. Kodi yake ya mwezi wa tano, mwezi ambao hajaishi na pengine hataishi hapo, inageuka mfuko wa mbolea unaomwagwa jarubani wiki hii. Mwalimu wa shule ya msingi amekuwa benki ya kilimo bila kuulizwa. Gunia zikianza kupakiwa, jina lake halimo kwenye hesabu.

Shida ya mkulima naijua na sitaidharau. Lakini dawa ya mkulima asiyekopesheka ni mkopo wa masharti nafuu na ushirika wenye nguvu. Kumkamua binti wa miaka 24 aliyeletwa kufundisha watoto wa mkulima huyohuyo si dawa ya kitu chochote.

Jibu la wenye nyumba nalijua pia, maana linatolewa kila mahali: wapangaji wanatoroka usiku na madeni. Wapo wanaotoroka, ni kweli. Sasa niambieni, mwalimu anatoroka kwenda wapi? Kituo chake kinajulikana, mwalimu mkuu wake anajulikana, ofisi yake ya elimu iko Rujewa. Muuguzi anatorokaje wakati ndiye anayempokea mtoto wa mwenye nyumba akizaliwa? Na hata kibarua wa msimu anaweza kupokelewa kwa barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa kitongoji alikotoka, na amana ya mwezi mmoja inayorudishwa akiondoka salama. Hofu ya mdaiwa mmoja mbaya haimpi mtu haki ya kuwatoza adhabu kabla ya kosa wote wanaobisha hodi.

Tena baada ya fedha kutoka, angalieni kinachonunuliwa. Mkataba ni maneno ya mdomoni. Mpangaji akipaka rangi, akaweka wavu wa mbu dirishani, akavuta umeme hadi chumbani kwake, muhula unaofuata kodi inapanda kwa sababu chumba kimekuwa kizuri. Akilalamika kwamba bati linavuja anaambiwa mji una vyumba vingi. Mwanamke anayeishi peke yake anaulizwa mume yuko wapi, kisha wageni wake wanahesabiwa. Amelipa miezi sita, kwa hiyo hana pa kwenda. Fedha yake ndiyo kamba aliyofungwa nayo.

Ni tabia ya nchi nzima, najua, kuanzia Dar es Salaam hadi miji midogo ya kando ya Ziwa Nyasa kule Kyela. Lakini jiji lina vyumba vingi na mitaa ya kukimbilia. Katika mji mdogo kama wetu wenye nyumba wanajuana kwa majina, na kodi anayoitaka mmoja jioni, kesho yake asubuhi wote wanaitaka.

Na haikuwa hivi tangu zamani. Tulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984. Ilikuwa na kodi ya kiwango, ilikuwa na mabaraza ya nyumba, na ilimzuia mwenye nyumba kumtoa mpangaji kwa hasira zake tu. Ilikuwa na kasoro nyingi na wengi waliipuuza. Mwaka 2005 Bunge likaifuta. Kilichotakiwa kushika nafasi yake, sheria ya kusimamia sekta ya milki, kimekuwa kikiahidiwa waziri baada ya waziri. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inazungumzia upangishaji, lakini haimwambii mwenye nyumba kwamba miezi sita ni mingi mno. Baraza la kata, lililo karibu na mpangaji, tangu marekebisho ya mwaka 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana, uende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa nauli yako, ukiacha darasa au wodi, kudai shilingi 90,000 za miezi ambayo hukukaa. Nani ataifunga safari hiyo?

Serikali ilipotaka sehemu yake kwenye kodi ya pango haikuhitaji miaka 20 ya kutafakari. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 ilimtazama hata mpangaji wa nyumba ya kuishi na kumpa kazi ya kuzuia asilimia 10 kwa niaba ya Mamlaka ya Mapato. Kwa hiyo mpangaji anaonekana vizuri sana akihitajika kukusanya. Anapoonewa ndipo anapokuwa haonekani. Mwaka huohuo wa 2022 Uganda ilipata Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji, iliyoweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka katika kupandisha kodi na kukataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Majirani wameweza, na soko lao la nyumba halijaanguka.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba haya yanafanyika Mbarali. Sisi wa bonde la Usangu tunaijua amri ya kuhama kuliko wilaya nyingi za nchi hii. Mwaka 2006 wafugaji walianza kuondolewa kwenye ardhioevu ya Ihefu na mifugo yao, wengine wakaishia Lindi. Mwaka 2008 likaja Tangazo la Serikali Namba 28 lililopanua Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hadi kwenye ardhi ambayo watu wanalima na kuzikana. Mwaka 2022 mawaziri wakaja tena na tamko la vijiji kuhamishwa. Tumesimama mikutanoni tukapaza sauti kwamba binadamu hang'olewi bila kusikilizwa, bila muda, bila fidia. Tulikuwa sahihi, na bado tuko sahihi. Kisha tunarudi nyumbani na kumpa mpangaji wiki moja atoe vyombo kwa sababu mtoto wa shangazi amerudi kutoka Makambako na anahitaji chumba. Kodi iliyobaki? Tutaongea mavuno yakitoka.

Hatuna haja ya kusubiri Dodoma. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kutunga sheria ndogo, zikathibitishwa na halmashauri ya wilaya. Tunazitunga kila siku kuhusu mifugo inayoingia shambani na kuhusu usafi wa vyoo. Tutunge na hii: kodi ilipwe mwezi kwa mwezi, na amana isizidi mwezi mmoja. Mkataba uandikwe kwa nakala tatu, moja ibaki kwa mtendaji. Anayetaka chumba chake atoe notisi ya miezi miwili na arudishe kila shilingi ya muda usiokaliwa. Ada ya dalali ailipe aliyemwita dalali. Na Halmashauri ya Mbarali, inayojua tarehe ya kuripoti ya kila mwajiriwa mpya, imdhamini kwa barua mpaka mshahara wake wa kwanza utoke. Barua haigharimu kitu.

Wapangaji nao waache kukaa kama wageni. Mkutano mkuu wa kijiji si wa wenye nyumba. Kila mkazi wa kawaida wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake, awe amejenga au amepanga, awe Msangu, Mhehe, Mbena, Msukuma au mtu wa Kigoma aliyeletwa na barua ya ajira. Mkutano huo unatakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Tangazo la ujao likibandikwa, nendeni na ajenda hii imeandikwa, muikabidhi kwa mtendaji mapema, mumtake aigonge muhuri wa kupokelewa, na siku ya kikao msiondoke mpaka mikono ihesabiwe.