Ini Lipimwe Karibu na Mgonjwa

Katika maradhi yanayowasumbua wakazi wa kandokando na visiwani mwa Ziwa Victoria, maradhi ya ini yana hila kuliko mengi. Hayaanzi kwa kishindo. Mvuvi huendelea kuvuta nyavu zake, na mama huendelea na jembe lake, mpaka siku tumbo litakapojaa maji au damu itakapotapikwa usiku. Hapo ndipo jamaa hutambua kwamba ndugu yao amekuwa mgonjwa kwa miaka mingi.

Leo twapenda kuizungumzia hatua moja tu katika safari ndefu ya mgonjwa wa namna hiyo. Ni ile hatua ambapo uvimbe umekwisha kuonekana ndani ya ini, lakini hakuna awezaye kusema ni uvimbe wa nini. Kwa maoni yetu, jibu la swali hilo halina budi kupatikana Bariadi, yaliko makao makuu ya Mkoa wa Simiyu.

Hali ilivyo inafahamika. Mgonjwa hupimwa kwa mashine ya ultrasaundi, na daktari akaona doa au uvimbe. Huenda ikawa ni saratani. Huenda likawa jipu linaloweza kutibiwa. Huenda pia ukawa mkusanyiko wa vijishipa vya damu ambao mtu aweza kuishi nao hadi uzeeni bila ya kudhurika. Picha ya kawaida mara nyingi haitoshi kuvitenganisha vitu hivi, kwa hiyo mgonjwa huenda akaambiwa asafiri akapigwe picha ya siti skani. Mwenye uwezo huenda. Asiye na uwezo huhesabu nauli, malazi, na gharama ya kipimo chenyewe, kisha hurudi nyumbani na swali lake.

Ndugu zetu wa visiwani hawahitaji kuelezwa uzito wa neno safari. Mkazi wa Ukara huvuka kwanza hadi Ukerewe, kisha huvuka tena kuelekea Mwanza au kupitia Rugezi hadi Kisorya. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu kabisa na Ukara na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Safari ya ziwani si jambo la kumtwisha mgonjwa pasipo na lazima.

Ipo njia ya kuipunguza safari hiyo. Tangu mwaka 1968 wataalamu Gramiak na Shah walionyesha kwamba viputo vidogo vya hewa ndani ya damu huonekana waziwazi kwa ultrasaundi. Kutokana na elimu hiyo ilitengenezwa dawa ya kukoleza picha, ambayo ni viputo vya gesi vilivyofunikwa kwa utando mwembamba wa mafuta, vidogo kuliko chembe nyekundu za damu. Dawa hiyo hudungwa katika mshipa wa mkono kwa kiasi kisichofika hata kijiko kimoja cha chai, na daktari hutazama papo hapo namna inavyoingia katika ini na namna inavyotoka. Baada ya dakika chache gesi hiyo hutoka kwa pumzi. Haina mionzi, wala haichujwi na figo, jambo ambalo ni faraja kwa wagonjwa wenye figo dhaifu. Nchi za Ulaya zimeitumia tangu mwaka 2001, na Marekani iliikubali kwa uvimbe wa ini mwaka 2016.

Faida yake yatokana na maumbile ya ini lenyewe. Ini hupokea damu kwa njia mbili, yaani ateri itokayo upande wa moyo, na mshipa mkubwa uletao damu kutoka matumboni. Saratani iliyoanzia katika ini hunywa zaidi damu ya ateri. Kwa hiyo hung'aa mapema, katika nusu dakika ya kwanza, kisha hufifia polepole baada ya dakika moja kupita. Saratani iliyosambaa kutoka kiungo kingine kwa kawaida hufifia mapema zaidi. Ule mkusanyiko wa vijishipa usio na madhara hujaa kidogo kidogo kutoka pembeni kuelekea katikati. Jipu hung'aa ukingoni tu, na katikati hubaki giza. Hivyo kwa kipimo cha dakika tano au sita swali lililokuwa likimsafirisha mgonjwa laweza kupata jibu.

Hata hivyo, si haki kuisifu njia hii kupita kiasi. Kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, na hewa ya matumboni mara nyingi hulifunika. Pale linapoonekana vizuri, dawa husaidia, kwani saratani yake iliyo ya kawaida hubaki nyeusi wakati nyama inayoizunguka inang'aa. Pale lisipoonekana, dawa haiwezi kuliondoa pazia hilo. Tena, uko uwezekano, ingawa ni mdogo sana, wa mwili wa mgonjwa kuikataa dawa kwa nguvu, na kwa sababu hiyo kipimo kifanyike penye dawa za dharura na watu wanaojua kuzitumia. Wako pia wagonjwa ambao siti skani au kipande cha nyama kilichochukuliwa kwa sindano vitabaki kuwa lazima.

Vilevile si kila ini laihitaji dawa hii. Kichocho cha tumbo, kinachopatikana kwa wingi kandokando ya ziwa hili, hutia makovu pembeni mwa mishipa ya ini, na makovu hayo huonekana kwa ultrasaundi ya kawaida. Mwaka 1996 wataalamu walikutana mjini Niamey, nchini Niger, wakakubaliana namna moja ya kuyapima, na Shirika la Afya Duniani likauchapisha mwongozo wao mwaka 2000. Kwa hiyo vituo vya afya vya visiwani na vya Busega vyahitaji kwanza mashine ya kawaida na mtu aliyefunzwa kuitumia. Dawa ya kukoleza picha ingojee katika hospitali ya rufaa ya mkoa.

Kwa wahusika Serikalini tuna maombi matatu. La kwanza, kila inaponunuliwa mashine ya ultrasaundi kwa hospitali ya ngazi ya mkoa, mkataba useme kwamba iwe na uwezo wa kupima kwa dawa hiyo. Uwezo huo ukikosekana siku ya kununua, kuuongeza baadaye ni gharama, na katika mashine nyingine hauwezekani kabisa. La pili, wafunzwe watu kabla mashine haijafunguliwa, na wasihamishwe mara wanapohitimu. La tatu, dawa yenyewe iingie katika mipango ya Bohari ya Dawa na katika mafao ya bima, hasa sasa ambapo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imekwisha kupitishwa tangu mwaka 2023. Mashine isiyo na dawa ni pambo.

Tungependa pia kukumbusha kwamba Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni mbili katika sensa ya mwaka 2022. Watu hao peke yao wanatosha kuihalalisha huduma hii. Lakini mgonjwa wa Ukerewe aliyeshukia Kisorya, akapita Bunda na Lamadi, naye apokewe Bariadi bila ya kuulizwa kwa nini hakwenda mkoani kwake. Mpaka wa mkoa usiwe ukuta kwa mgonjwa.

Kwa upande wao, wananchi nao wana wajibu. Dawa ya kichocho ikiletwa, imezwe. Watoto wapelekwe kupata chanjo, ambayo tangu mwaka 2002 imekuwa na kinga ya homa ya ini aina ya B, ugonjwa ulio mzazi mkubwa wa saratani ya ini. Tumbo likianza kuvimba, au macho yakigeuka manjano, mtu asipoteze miezi akimtafuta aliyemroga.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa ini sasa waweza kuonekana mapema. Linalotakiwa ni kwamba uonekane Bariadi, kabla mgonjwa hajaishiwa nauli na nguvu.