Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Siku hizi si jambo geni tena kwa wanandoa wa parokia zetu kusafiri nje ya nchi kwa matembezi. Wapo wanaokwenda fungate, wapo wanaoadhimisha jubilei ya miaka 25 ya ndoa, na wapo ambao watoto wao wamekwisha kujitegemea, nao wameona ni vema waitazame dunia wakingali na nguvu za miguu. Tunafurahi pamoja nao. Mume na mke waliolea, wakasomesha na kuuguza kwa miaka mingi wanastahili kukaa siku chache kando ya ziwa bila kuulizwa na mtu habari za ada ya shule.

Hata hivyo, juma hili tungependa tutafakari pamoja jambo ambalo vijitabu vya utalii havilisemi. Wafanye nini mume na mke waliokwenda nchi ya kigeni kutazama uzuri wake, iwapo vita vinazuka jirani na mahali walipofikia? Je, wao ni watazamaji tu, ambao wajibu wao wote ni kutafuta njia ya kurudi nyumbani salama? Au kuna kitu wanachodaiwa na watu waliowapokea?

Ili tusizungumze hewani, tuutazame mji wa Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, nchini Rwanda. Mji huu uko kwenye ufuo wa kaskazini wa Ziwa Kivu. Una hoteli za ufukweni, miti ya kivuli, na upepo mwanana wa jioni. Volkano ya Nyiragongo, iliyolipuka mwaka 2002 na tena mwaka 2021, huonekana ikiwa imesimama upande wa kaskazini. Wageni wengi hupumzika hapa baada ya kuwatazama sokwe wa milimani katika Hifadhi ya Taifa ya Volkano. Lakini ukitembea kwa miguu kuelekea magharibi unafika mpakani, na ng'ambo ya mpaka nyumba zinaendelea: huko ni Goma, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Miji hii miwili imeshikana kama vyumba viwili vya nyumba moja. Katika siku za amani, maelfu ya watu huvuka kila siku kwa miguu, na wengi wao ni akina mama wanaobeba mboga, unga na samaki ili watoto wapate kula.

Mpaka huo umeona mengi. Mnamo Julai 1994 mamia ya maelfu ya Wanyarwanda waliuvuka kuingia Goma katika muda wa siku chache, na kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu makambini. Mnamo Novemba 2012 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma na kuushikilia kwa siku kama kumi. Tarehe 27 Januari 2025 waliingia tena. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba karibu watu 3,000 waliuawa katika mapigano ya Goma. Wataalamu wa umoja huo wameeleza kwamba jeshi la Rwanda liliwasaidia waasi, na serikali ya Rwanda imekanusha. Makombora yalivuka mpaka yakaua raia upande wa Rwanda, na wanajeshi wawili wa Tanzania, waliokuwa katika kikosi cha SADC, walipoteza maisha. Kwa hiyo kilio cha Goma kilifika hata katika nyumba za nchi yetu.

Basi, ndugu msomaji, wafikirie mume na mke walio katika hoteli ya Gisenyi asubuhi ya siku kama hiyo. Kifungua kinywa kiko mezani. Mlio unasikika kutoka ng'ambo, halafu mwingine. Mhudumu anayemimina chai mkono unamtetemeka kidogo, kwa sababu dada yake ameolewa Goma. Wageni wanasimama kwenye baraza na kutoa simu zao. Ni nani atakayewalaumu kwa kutazama? Wahenga walisema macho hayana pazia. Lakini ulimi una mlango, na mkono ulioshika simu unaweza kushushwa. Picha ya mama anayekimbia na godoro kichwani, iliyopigwa kutoka barazani na kutumwa kwa marafiki pamoja na picha za machweo, inamfanya mama huyo kuwa sehemu ya mandhari. Hakuja duniani ili awe mandhari ya safari ya mtu.

Tunajua kwamba wapo watakaotujibu: "Sisi ni wageni tu. Vita hivi hatukuvianzisha sisi." Ni kweli. Lakini tusijitenge upesi mno. Huko Rubaya, katika Wilaya ya Masisi, kaskazini-magharibi mwa Goma, kuna machimbo ya koltani, madini yanayotoa tantali, nayo tantali hutumika katika vifaa vidogo vya ndani ya simu na kompyuta. Waasi waliyatwaa machimbo hayo mwaka 2024. Hatuwezi kusema simu ya nani ina madini ya wapi. Tunaweza kusema kwamba vita vya Kivu na mifuko yetu si watu wasiofahamiana.

Tena vita havina adabu ya kubaki upande wao. Tarehe 1 Machi 1999 waasi wa Kinyarwanda walitokea Kongo wakavamia kambi za watalii katika msitu wa Bwindi, nchini Uganda. Waliuawa watalii 8, na mhifadhi mmoja Mganda. Mwezi Mei 2018 watalii wawili Waingereza, mwanamume na mwanamke waliosafiri pamoja, walitekwa katika Hifadhi ya Virunga, kaskazini mwa Goma. Wao waliachiliwa baada ya siku mbili. Askari wa hifadhi aliyekuwa akiwalinda, msichana wa miaka 25, aliuawa. Na tarehe 17 Oktoba 2023 maharusi waliokuwa fungate, mume Mwingereza na mke wa asili ya Afrika Kusini, waliuawa ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, magharibi mwa Uganda, pamoja na Mganda aliyekuwa akiwaongoza. Serikali ya Uganda ililitaja kundi la ADF, ambalo maficho yake yako katika misitu ya mashariki mwa Kongo. Miezi minne kabla ya hapo, tarehe 16 Juni 2023, kundi hilohilo lililaumiwa kwa kuishambulia shule ya sekondari huko Mpondwe, mpakani, ambako waliuawa watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi.

Hatuwataji marehemu hawa ili tuwalaumu. Mungu awarehemu wote. Tunawataja ili tuone jambo moja: katika kila tukio palikuwa na mwenyeji karibu na mgeni. Mhifadhi, askari, mwongoza watalii. Mgeni alikuja kwa hiari, na kama angalijua angaliweza kubadili tiketi. Mwenyeji alikuwa kazini. Kukataa kwake kwenda kungekuwa kukataa mshahara, na nyumbani kuna midomo inayosubiri. Habari za dunia hueleza kwa kirefu maisha ya wageni, nayo ni haki yao. Mara nyingi mwenyeji hutajwa mwishoni kwa sentensi moja.

Hapa ndipo ulipo msimamo wetu. Sisi tunaona kwamba wanandoa wanaosafiri karibu na eneo la vita wana deni mbili. Deni la kwanza wanadaiana wao kwa wao. La pili wanadaiwa na wenyeji wao. Asiyekuwa tayari kulipa deni hizo mbili, afadhali achague mahali pengine pa kupumzikia.

Tuanze na lile la ndani ya ndoa. Mara nyingi, hatari inapokaribia, mmoja huogopa kabla ya mwenzake. Mke anasema, "Tuondoke." Mume anajibu, "Vita viko ng'ambo, huku kuna usalama. Tena tumekwisha kulipa." Au kinyume chake. Na fedha yenyewe si ndogo: tangu mwaka 2017 mgeni wa mbali hulipa dola 1,500 kwa kibali cha kukaa saa moja mbele ya sokwe wa Rwanda, maana yake wawili ni dola 3,000. Fedha iliyokwisha kulipwa humfanya mtu awe kiziwi. Ushauri wetu ni kwamba wanandoa wapatane kabla hawajafunga mizigo: siku mmoja wetu atakaposema imetosha, safari imekwisha, na hakuna atakayemlaumu mwenzake baadaye. Wasome tahadhari za safari zinazotolewa na serikali. Waujulishe ubalozi wao mahali walipo. Waisome bima yao mpaka maandishi madogo ya mwisho, kwa kuwa bima nyingi za safari hazilipi hasara inayotokana na vita, wala hazimlipi aliyekwenda mahali ambapo serikali yake ilimwonya asiende.

Deni la pili ni zito zaidi. Kwanza, msimshurutishe mwenyeji. Mwongoza watalii akisema njia ile leo haifai, msimwahidi bakshishi ili abadili mawazo. Mtu mwenye shida ya ada na kodi ya nyumba anaweza kuhatarisha maisha yake kwa noti moja, na noti hiyo itakuwa imetoka mkononi mwenu. Pili, mnapolazimika kuondoka kabla ya wakati, mlipeni dereva, mwongozaji na mhudumu kwa siku zote mlizopatana. Ninyi mmepoteza likizo. Wao wamepoteza msimu. Tatu, waulizeni habari zao. Je, kuna ndugu yako ng'ambo? Je, umempata kwa simu? Ni maswali mafupi, na hayahitaji fedha. Nne, kama mna dawa, nguo au fedha za kuacha, zipitisheni kwa vyombo vinavyojua kugawa, kama Msalaba Mwekundu au Caritas ya Jimbo la Goma, kuliko kuzitupa dirishani mbele ya umati. Tano, mkifika nyumbani semeni mliyoyaona, na hayo tu. Katika vita uvumi hukimbia kuliko risasi, na kila kabila la Maziwa Makuu limekwisha kuumizwa na maneno ya watu ambao hawakuwapo.

Tunapaswa pia kuonya juu ya kosa la upande wa pili, yaani hofu isiyojua ramani. Bunduki zinalia Goma, na mtu aliye mbali anafuta safari yake ya Zanzibar, ilhali kutoka Goma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 hata kwa ndege. Kufuta huko nako kuna mwathirika. Nchini Rwanda asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi za taifa hurudishwa kwa jamii zinazozizunguka, na kwa fedha hizo hujengwa shule na zahanati. Wageni wakiacha kuja, mwanakijiji hukosa yote mawili, amani na mkate. Kwa hiyo hatusemi watu wasisafiri. Mwenye busara huuliza: vita viko wapi hasa, barabara ipi imefungwa, na wenyeji wenyewe wanasema nini?

Na je, ni dhambi kufurahi wakati jirani analia? Baadhi ya wanandoa hutuuliza swali hili kwa uchungu wa kweli. Jibu letu ni kwamba furaha ya ndoa si dhambi, wala huzuni yenu haimpunguzii mtu wa Goma njaa hata kidogo. Hatari iko katika kuzoea. Bwana wetu, katika mfano wa Msamaria Mwema, alisimulia habari za watu waliokuwa safarini kati ya Yerusalemu na Yeriko. Kuhani na Mlawi hawakumpiga yule majeruhi, wala hawakumwibia kitu. Walimwona, wakapita. Msamaria naye alikuwa na safari yake, na baadaye aliendelea nayo. Lakini kabla ya kuondoka alimlipa mwenye nyumba ya wageni gharama za kumtunza majeruhi, akaahidi kwamba atakaporudi atalipa kilichozidi. Tazameni jinsi jambo lenyewe lilivyo la kawaida: fedha mezani, na ahadi ya kurudi.

Wahenga wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakuwa na mashaka kwamba kuja kwa mgeni kunaweza kumletea mwenyeji nafuu. Basi ninyi mnaopanga safari za mwaka huu, wekeni katika bajeti yenu, karibu na nauli na hoteli, fungu dogo la kumwachia mwenyeji iwapo siku mbaya itawakuta huko. Na namba yake ya simu muitunze. Wiki mbili baada ya kurejea nyumbani, mpigieni mumuulize kama dada yake amepatikana.

Tunawatakia Dominika njema na juma lenye baraka.

Ni sisi, Paroko wenu.