Eti "wawape tu hicho kipande"

Juzi pale ofisini, tukisubiri ukurasa wa kimataifa ufungwe, kaka mmoja ninayemheshimu sana kikazi alitoa lake: hawa Waukraine ubishi wa nini, si wawape tu Warusi hicho kipande cha Donetsk vita viishe? Wengi wakaitikia. Mimi nikanyamaza, na bado najilaumu, kwa hiyo leo nayamwaga hapa.

Jamani, kipande kipi? Hebu tazameni ramani. Sloviansk, Kramatorsk, Druzhkivka, Kostiantynivka: miji minne iliyojipanga kwenye mstari wa kama kilometa 50. Tangu Ukraine iirudishe Sloviansk mikononi mwake mwaka 2014, imekuwa ikichimba mahandaki na kujenga ngome eneo hilo. Nyuma yake, kuelekea magharibi, ni tambarare tupu. Mwaka 2025 Urusi ilidai Ukraine iondoke kwa hiari sehemu ya Donetsk ambayo yenyewe ilikuwa imeshindwa kuiteka. Huko ni kumwambia mwenye nyumba ang'oe mlango kwanza, habari ya wizi mtaongea baadaye.

Na hili lilishafanyika. Septemba 1938 pale Munich, Uingereza, Ufaransa na Italia zilikubali Hitler achukue Sudetenland. Czechoslovakia yenyewe haikuwa mezani. Magazeti mengi ya London yalishangilia (ndiyo, sisi wanahabari!). Ni kweli Wajerumani walikuwa wengi Sudetenland, lakini ndiko ilikokuwa milima, na ndiko yalikokuwa maboma ya saruji ambayo Wacheki walikuwa wakiyajenga tangu 1935. Yakakabidhiwa bila vita. Machi 15, 1939 Wajerumani wakaingia Prague. Mwaka 1940 vifaru vilivyotengenezwa na Wacheki vikatumika kuivamia Ufaransa, hiyo hiyo iliyotia saini.

Najua jibu lake: watu wanakufa kila siku, na hakuna handaki linalomrudisha mtoto wa mtu. Kweli kabisa, sibezi. Lakini wino ukishakauka, mkataba unalindwa na nini? Mwaka 1994 Ukraine ilikubali kuachana na silaha za nyuklia kwa ahadi zilizosainiwa Budapest, Urusi ikiwemo. Mwaka 2014 Crimea ikaenda.

Sasa kaka, ukisema wawape, taja na bei. Mstari mpya utachorwa wapi kwenye tambarare ile, nani atauchimba, na nani atamzuia Mrusi wakati saruji bado mbichi?